MAZUNGUMZO YA AFYA: TIBA SHUFAA IANZE MAPEMA, NA IANZIE KITUONI



Mgonjwa wa maradhi yasiyotarajiwa kupona, kama vile saratani iliyosambaa au figo zilizoshindwa kazi, anastahiki kuondolewa maumivu, kichefuchefu, dhiki ya pumzi na hofu. Huduma hiyo ndiyo iitwayo tiba shufaa. Inasikitisha kwamba wengi huipata siku za mwisho tu, au hawaipati kabisa, kwa kudhaniwa kuwa ni alama ya kukata tamaa.

Dhana hiyo si sahihi. Uchunguzi uliofanywa Boston, Marekani, na kutangazwa mwaka 2010, uliwahusu wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopewa tiba shufaa mara tu baada ya maradhi kugunduliwa, sambamba na matibabu ya kawaida, walikuwa na hali bora ya maisha na waliishi kwa wastani miezi 11.6. Wenzao waliopewa matibabu ya kawaida peke yake waliishi miezi 8.9.

Wala huduma hii haihitaji hospitali kubwa. Nchini Uganda, Dkt. Anne Merriman alianzisha kazi hiyo mwaka 1993 kwa kutumia mofini ya maji, dawa ya bei nafuu inayonywewa nyumbani. Mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia tiba shufaa iingizwe katika ngazi zote, na hasa huduma za msingi.

Tabibu wa kituo ndiye anayemjua mgonjwa na jamaa zake. Anapomwona amekonda, anarudi hospitali mara kwa mara na kushinda kitandani, yafaa ajiulize swali watumialo madaktari wa Uingereza: je, itashangaza mgonjwa huyu akifariki ndani ya mwaka mmoja? Ikiwa haitashangaza, asingoje. Amuulize maumivu yake kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, anachokihofia, na nani anayemuuguza.

Mofini ya maji hutolewa kwa saa, kila baada ya saa nne, si kungojea mgonjwa alie. Aidha, hufuatana na dawa ya kulainisha choo. Ikitolewa kwa maumivu, kwa kipimo na chini ya uangalizi, ni nadra kumtia mtu uraibu.

Jamaa nao wanakumbushwa wasifiche. Wahenga walisema: mficha maradhi kilio humuumbua. Maumivu yatajwe kituoni tangu yanapoanza, kwani kumsitiri mgonjwa si kumnyamazia, bali ni kumpunguzia mateso angali na siku za kuishi.