Kungojea Gari la Moshi

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za jambo linalojulikana na kila mtu aliyepata kukaa juu ya mzigo wake penye stesheni, nalo ni kungojea gari la moshi lisilokuja. Najua baadhi yenu mtacheka, maana jambo hili lina vichekesho vyake. Lakini kwanza nitawasimulia habari isiyo na kicheko, niliyoiona kwa macho yangu.

Miaka mingi imepita. Nilikuwa katika stesheni moja ndogo ya bara, ambayo sitaitaja jina, na ulikuwa wakati wa mvua. Gari letu lilipasa kufika saa kumi na moja ya jioni. Barazani nilikaa karibu na mzee mmoja mwenye kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na bafta nyeupe aliyoinunua mchana ule. Nilipomwamkia akaniambia, "Marahaba, mwanangu. Ndugu yangu amefariki, nami nakwenda kumzika." Saa kumi na moja ikapita, magharibi ikaingia, watu wakaswali pale pale uwanjani. Mzee akaenda dirishani kuuliza. Karani akamjibu, "Litakuja." Mzee akauliza, "Lini?" Akajibiwa, "Litakapokuja."

Saa mbili ya usiku lori moja lilipita pale likitafuta abiria, nalo lilikuwa likienda upande ule ule wa mzee. Akasimama, akaitazama reli, akalitazama lori, kisha akakaa. Tikiti alikwisha inunua, na fedha ya nauli ya pili alikuwa nayo kwa shida. Tena ameambiwa ya kuwa gari litakuja. Lori likaenda zake. Gari la moshi lilifika kesho yake, saa nane ya mchana. Baadaye mtumishi mmoja wa gari alituambia kwamba injini iliharibika njiani tangu adhuhuri ya jana, na ya kuwa habari ilipelekwa kwa simu katika stesheni zote kabla ya jua kuchwa.

Basi mwaona ya kuwa injini siyo iliyomkosesha mzee yule maziko ya ndugu yake. Injini ni chuma, na chuma huvunjika. Lililomkosesha ni neno lililokuwa ndani ya dirisha na halikutoka nje.

Sitaki kusema kwamba kila kuchelewa ni uzembe. Watu wengi hawajui jinsi gari la moshi linavyokwenda, na kwa kutojua huwatukana watu wasio na kosa. Chukueni mfano wa Reli ya Kati ya Tanzania, ile ya zamani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Upana wake ni mita moja kati ya chuma na chuma, tena ni njia moja tu: magari yaendayo bara na yale yatokayo bara hupita juu ya vyuma vile vile. Hayawezi kupishana ila penye stesheni iliyo na njia ya pili ya pembeni.

Je, mmepata kuvuka mto kwa gogo? Mtu mmoja akiwa juu ya gogo, aliye ng'ambo hana budi kungoja. Na yule aliye juu akiteleza, akashikilia gogo kwa mikono miwili, wote wa huku na wa huko watangoja, nao hawana habari na mguu wake. Ndivyo ilivyo reli ya njia moja. Gari la mizigo likiharibika asubuhi mahali pasipo fundi, abiria aliye mbali sana atalala stesheni usiku, na kwake yeye mbingu ni nyeupe na reli inang'aa. Haoni sababu yo yote.

Tena kuna maji. Kati ya Kilosa na Gulwe reli hiyo hufuatana na mto Mkondoa bondeni. Mvua ikizidi, mto hutoka katika njia yake, ukachukua kokoto na udongo ulio chini ya mataruma, hata vyuma vikabaki vinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Katika Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliiharibu njia mahali hapo, na magari ya kutoka Dar es Salaam hayakuweza kupita kwa miezi kadhaa. Hapo hakuna wa kulaumiwa dirishani.

Lakini hasara ya kuchelewa haikai ndani ya behewa peke yake. Msafiri wa reli hiyo anawajua wauza kuku wa Saranda. Mama amechinja, amekaanga, amepanga kuku wake katika sinia kwa kutazamia gari moja. Lisipokuja, kuku hupoa. Likija usiku wa manane, abiria wamelala. Naye hakununua tikiti, wala hapana atakayemwandika katika daftari ya hasara. Na huko mwisho wa reli, Kigoma, katika miaka ile meli Liemba ilipokuwa ikishuka kusini mwa ziwa Tanganyika kila baada ya majuma mawili, msafiri aliyefika bandarini akakuta meli imekwisha ng'oa nanga aliweza kungojea majuma mawili mengine. Saa chache za kuchelewa njiani zilikuwa nusu mwezi kwake, pamoja na watoto, na chakula cha kununua.

Nimepata kuzungumza na karani mmoja wa stesheni, mtu mwungwana, nikamwuliza mbona hawasemi. Akanijibu, "Bwana, nikisema gari litachelewa saa sita, watu watakwenda mjini. Huenda fundi akamaliza kazi mapema, gari likaja baada ya saa nne, likawaacha. Hapo watanishitaki. Nikinyamaza, hakuna ushahidi juu yangu." Jawabu hili lina akili, nami sikulidharau. Mwenye kutoa saa hujifunga mwenyewe.

Hata hivyo nadhani liko neno lisilomfunga mtu. Asiseme gari litafika lini. Aseme liko wapi. Achukue chaki aandike ubaoni: gari liko stesheni fulani, injini imeharibika, habari imepokewa saa tisa na nusu. Basi. Abiria si watoto. Mkulima ajuaye mvua itanyesha lini kwa kutazama mawingu hashindwi kuhesabu stesheni zilizobaki. Mwenye haraka atatafuta lori, mwenye mgonjwa atarudi hospitali, mwenye nafasi atakunja nguo alale. Kila mmoja atachagua shida yake mwenyewe. Na karani atapata usiku wa amani, asigongewe dirisha mara arobaini.

Nasi abiria tunayo yetu. Tukiambiwa kweli, tusimzomee aliyeisema. Nimeona watu wakimtupia maganda ya ndizi mtumishi aliyetoka nje kuwaeleza habari mbaya, na yule mwenzake aliyejifungia ndani akasalimika. Siku ya pili ni nani atakayetoka?

Wengine husema kwamba haya yote ni ya kale. Kweli, mwaka 2024 reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria, kwanza kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro katika Juni, kisha mpaka Dodoma katika Julai, kwa mwendo wa hata kilometa 160 kwa saa. Ni jambo la kufurahisha, nami nimelifurahia. Lakini umeme nao hukatika, na gari lililosimama porini kwa kukosa umeme lina watu ndani yake wanaouliza lile lile aliloliuliza mzee wangu dirishani.

Gari lilipofika siku ile nilimsaidia kupandisha kikapu chake. Hakugomba na mtu. Alikaa karibu na dirisha, akaitoa ile bafta, akaikunja tena vizuri, akaniambia kwamba bila shaka majirani wamekwisha nunua nyingine. Kwaherini.