Jemadari Parmenion na Malipo ya Utumishi Wake



Jioni hii twapenda kuwasimulia habari za Parmenion, jemadari mkuu wa Makedonia ya kale, nchi iliyokuwa kaskazini ya Uyunani. Hakuwa mfalme, alikuwa mtumishi wa wafalme, na kwa sababu hiyo habari zake zatuhusu.

Kwanza alimtumikia Mfalme Philip. Mwaka 356 kabla ya Kristo aliwashinda Waillyria, na mwaka uo huo Philip alizaliwa mwana, Alexander. Husimuliwa kwamba Philip aliwastaajabia Waathene kwa kupata majemadari kumi kila mwaka, hali yeye kwa miaka mingi amepata mmoja tu, ndiye Parmenion. Mwaka 336 alipelekwa Asia pamoja na askari wapatao 10,000 kutengeneza njia ya vita juu ya Uajemi. Kisha Philip akauawa, na Alexander akatawala, naye ana miaka 20.

Mfalme kijana alimshuku Attalus, jemadari mwenziwe Parmenion huko Asia, tena mume wa binti yake. Attalus akauawa pasipo hukumu. Hatusomi kwamba Parmenion alimtetea. Neno hili tuliweke moyoni.

Yakafuata mapigano matatu makubwa: Granicus mwaka 334, Issus mwaka 333, na Gaugamela mwaka 331. Kila mara Alexander aliongoza upande wa kuume, uliopenya na kupata sifa, na Parmenion akashika upande wa kushoto, ambao kazi yake ilikuwa kustahimili. Huko Gaugamela alizidiwa akaomba msaada, na wako waliomlaumu kwa hayo. Lakini upande wake haukuvunjika.

Katika vita hivyo alifiwa na wana wawili: Hector alizama katika mto Nili, na Nicanor alikufa kwa ugonjwa. Akabaki Philotas, mkuu wa wapanda farasi. Mwaka 330 Philotas alishitakiwa kwamba alisikia habari za njama juu ya mfalme asizitoe. Akateswa, akauawa.

Wakati huo Parmenion, mzee wa miaka kama 70, alikuwa Ecbatana akilinda hazina. Alexander akamtuma Polydamas, rafiki wa mzee huyo, apite jangwani kwa ngamia upesi ili habari za Philotas zisimtangulie. Parmenion akapewa barua kwa furaha. Naye alipokuwa akisoma, maofisa waliokuwa chini yake wakamchoma kwa upanga. Hakusomewa shitaka lolote, wala hakuulizwa neno. Kichwa chake kikapelekwa kwa mfalme.

Wengine husema mfalme hakuweza kumwachia hazina na jeshi mtu ambaye mwanawe ameuawa. Huenda ikawa hivyo. Lakini hofu ya bwana si ushahidi wa kosa la mtumishi.

Ndugu zetu, wengi wetu twadhani miaka mingi ya kazi njema ni ngao. Parmenion alikuwa nayo kupita sisi sote, na haikumfaa kitu. Ngao ya kweli ni desturi ya kwamba kila mtu asomewe shitaka lake na kupewa nafasi ya kujibu. Na desturi hiyo hulindwa siku anaposhukiwa jirani, kabla haijafika zamu yetu. Kwa Parmenion, siku hiyo ilikuwa siku ya Attalus, naye akanyamaza.