Pua ya Injini: Kuchagua na Kufunga Sensa ya Oksijeni
(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ipililo)



Nimepewa nafasi hii nieleze jambo lililoleta ubishi katika kikao cha asubuhi. Kamati ya gari la shule imeomba fedha za kununua sensa ya oksijeni ya aina mpya pamoja na kidhibiti chake. Ndugu mmoja akasimama akasema, na kwa nia njema kabisa, kwamba gereji kwake kuna sensa iliyong'olewa kwenye gari bovu na yuko tayari kuileta bure. Wengi mlipiga makofi. Mimi sikupiga, na ninaona ni haki yenu kujua sababu.

Kwanza niondoe utata wa neno. Ninaposema sensa sisemi ile ya mwaka 2022 ya kuhesabu watu, ambayo baadhi yetu tuliifanyia kazi mpaka viatu vikaisha soli. Nasema kifaa kidogo mfano wa plagi, kinachofungwa kwenye bomba la ekzosi ili kunusa moshi na kupima oksijeni iliyosalia baada ya petroli kuungua. Kifaa hiki si kigeni duniani. Volvo waliuza magari yenye sensa ya Bosch ya namna hii huko Marekani tangu mwaka 1976. Kwetu kilichelewa kuwa na maana, maana petroli yenye risasi huiua sensa upesi, na petroli hiyo iliondoka katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Algeria, Julai 2021.

Gari la shule, kama mjuavyo, ni Hilux ya zamani yenye injini ya 22R ya kabureta. Kabureta iliyopimwa vizuri Dar es Salaam, kando ya bahari, ikifika huku kwetu kwenye mita kama 1,300 inamwaga petroli kuliko hewa inavyohitaji, kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya saba. Ndiyo maana tulikubaliana mwaka jana kuweka nozeli na kompyuta ya kununua pembeni, isiyo ya kiwanda. Kompyuta hiyo inapima kani ya hewa yenyewe. Lakini jedwali la petroli lililomo ndani yake hujazwa na mtu, na mtu huyo hawezi kulijaza sawasawa bila kujua moshi unasema nini.

Sasa tuje kwenye ile sensa ya bure. Sensa ya kawaida ni kama mwalimu anayeandika "amefaulu" au "ameshindwa" bila kuandika alama. Petroli inataka hewa kilo 14.7 kwa kila kilo moja ili vyote viungue viishe. Petroli ikizidi hapo, sensa ya kawaida inatoa karibu volti 0.9. Ikipungua, inatoa karibu volti 0.1. Katikati inaruka ghafla. Kwa gari lililotoka kiwandani hiyo inatosha, maana kompyuta ya kiwanda inacheza juu na chini ya mstari huo. Lakini gari linapopanda mlima na magunia ya mahindi tunataka mchanganyiko wa 12.5 au 13, petroli ya ziada kidogo, ili mtungi usipate joto la kupita kiasi. Hapo sensa ya kawaida itasema tu "petroli imezidi". Imezidi kiasi gani? Haijui.

Sensa ya upeo mpana, ambayo mafundi huiita waidibendi, inatoa alama. Ndani yake mna chumba kidogo na pampu ya umeme inayosukuma oksijeni kuingia au kutoka mpaka chumba kile kitulie kwenye volti 0.45. Kiasi cha umeme kilichotumika kusukuma ndicho kipimo. Kazi hiyo yote inafanywa na kidhibiti, pamoja na kuipasha sensa moto mpaka karibu nyuzi 780 za sentigredi kwa ile ya Bosch iitwayo LSU 4.9. Kwa hiyo ndugu zangu, huwezi kuchukua waya za sensa hii ukazichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta kama MegaSquirt au Speeduino. Hazina kidhibiti hicho ndani. Lazima kiwepo pembeni. Tena kidhibiti kilichotengenezwa kwa LSU 4.2 hakitasoma 4.9 kwa usahihi, hata kama kwa macho zinafanana kama mapacha. Ukinunua, nunua viwili vinavyojuana. Na plagi ya mwisho ya waya usiikate kamwe: mle ndani kiwanda kimeweka kipingamizi kidogo kilichopimwa kwa ajili ya sensa ile ile na si nyingine.

Mpaka hapa mtasema huyu anasoma kitabu. Basi niwaambie la kwangu.

Gari la familia yetu hapa Ipililo ni pikapu ya injini kama hiyo hiyo. Nililifunga kompyuta mwenyewe wakati wa likizo, na waidibendi nzuri, mpya, kwenye karatasi yake. Waya wa ethi wa kidhibiti nikaupeleka kwenye betri. Ethi ya kompyuta nikaifunga kwenye bolti ya bodi iliyokuwa karibu, yenye kutu kidogo, nikasema itatosha. Dashibodi ikaonyesha namba safi, nikafurahi. Nikairuhusu kompyuta isahihishe petroli yenyewe hata gari likiwa na mzigo. Nikarudi kazini.

Kwa miezi miwili kaka yangu alibebea pamba. Usiku mmoja shangazi yetu alizidiwa, wakampakia kwenda hospitali mjini Maswa. Njiani injini ikaanza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikazima. Walikaa kando ya barabara zaidi ya saa mbili mpaka lori la pamba likawachukua. Shangazi alitibiwa akapona, Mungu ashukuriwe. Lakini simu niliyopigiwa usiku ule sijaisahau.

Tulipofungua silinda hedi, valvu mbili za ekzosi zilikuwa zimeungua ukingoni. Injini ilikuwa inanyimwa petroli. Nikachukua mita, nikaweka waya mmoja kwenye ethi ya kidhibiti na mwingine kwenye ethi ya kompyuta, injini ya jirani yenye nyaya zangu zile zile ikiwa inanguruma na taa zimewashwa. Volti 0.6. Ilipaswa kuwa karibu na sifuri.

Hesabu yake ni hii. Kidhibiti changu kinatuma volti 0 kwa mchanganyiko wa 10 na volti 5 kwa mchanganyiko wa 20. Yaani kila volti moja ni namba mbili. Bolti yenye kutu ilipandisha ethi ya kompyuta kwa volti 0.6, kwa hiyo kompyuta iliona volti 0.6 pungufu ya zilizotumwa, sawa na namba 1.2. Moshi uliposema 14, kompyuta ilisikia 12.8, ikaridhika. Sensa nyingine za joto na hewa hazikuonyesha kosa, kwa kuwa nyaya zake zinarudi kompyutani kwenyewe. Sensa haikusema uongo. Mimi ndiye niliyeharibu tafsiri.

Kwa hiyo katika gari la shule ethi zote, ya kompyuta na ya kidhibiti, zifungwe mahali pamoja kwenye chuma cha injini kilichosuguliwa mpaka king'ae. Kidhibiti chenye ethi ya pili kwa ajili ya ishara, hiyo iende kwenye ethi ya sensa ya kompyuta. Umeme wa kupasha moto utoke kwenye rilei ya pampu ya petroli, kupitia fyuzi yake, ili sensa isipashwe kabla injini haijawaka. Tone la maji la asubuhi likigusa udongo wake ulio moto, unapasuka. Wala isiachwe kwenye ekzosi bila umeme, itajaa masizi.

Mahali pa kuifunga: baada ya matawi ya ekzosi kukutana, upande wa juu wa bomba, kati ya palipoandikwa 10 na palipoandikwa 2 kwenye uso wa saa, ili maji yasitulie ndani yake. Ekzosi isivuje hata kidogo mbele yake, kwa kuwa hewa ya nje itanuswa kama oksijeni ya injini, na kompyuta itamwaga petroli bila sababu. Plagi moja isipowaka huleta udanganyifu huo huo. Na mafundi waache kupaka silikoni ovyo kwenye gasketi; moshi wake nao huiua sensa.

Ile sensa ya bure tuipokee kwa shukrani, iwekwe maabara ya fizikia wanafunzi waione. Fedha zikipatikana, naomba zinunuliwe sensa mbili na kidhibiti kimoja, na zinunuliwe kwa muuzaji anayetoa risiti, maana za bandia zipo. Kesho saa tatu asubuhi tutakuwa kwenye banda la karakana tukisugua chuma cha ethi. Mwenye mita ya umeme aje nayo, yangu betri imeisha.