Kulijua Behewa Lilipo: Mada juu ya Kubuni na Kujaribu Mfumo wa Kufuatilia Mabehewa ya Mizigo



Katika mambo yote yaipasayo reli ya mizigo, hakuna lililo wazi zaidi kwa hesabu, wala lisahauliwalo zaidi katika mipango, kuliko mzunguko wa behewa, yaani muda upitao tangu behewa lipakiwe mzigo hadi lipakiwe mzigo mwingine. Tuchukue mathalani reli ambayo kila siku hupakia mabehewa 60, na kila behewa hutumia siku 20 kuukamilisha mzunguko wake: reli hiyo haina budi kuwa na mabehewa mazima 1,200. Mzunguko ukifupizwa ukawa siku 15, mzigo ule ule utachukuliwa na mabehewa 900, na yale 300 yaliyosalia yatakuwa yamepatikana pasipo kununuliwa hata moja. Na mtu akiuliza siku hizo huliwa na nini, ataona kwamba mwendo wenyewe juu ya reli hauli nyingi. Aghalabu behewa husimama, likingoja kushushwa mzigo, likingoja kichwa cha treni, likingoja fundi, au likiwa limeachwa katika njia ya pembeni ya stesheni ndogo ambako hakuna mkubwa ajuaye kwamba lipo, na kwa kuwa hajui, haagizi liondolewe. Mfumo wa kufuatilia mabehewa hauongezi nguvu za injini wala hauifanyi imara reli iliyochakaa. Kazi yake ni kuziokoa siku hizi zipoteazo kwa kutojua, na kwa maoni yangu ni fedha chache za reli zinazoweza kurudisha faida kubwa kuliko hiyo, ilmuradi mfumo wenyewe uaminiwe na wale wanaoutumia. Sharti hilo la kuaminiwa, na namna ya kulithibitisha kwa majaribio kabla ya kulipia, ndilo nililokuja kulieleza.

Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa na karani wa yadi, aliyepita kando ya treni, daftari mkononi, akinakili namba zilizoandikwa kwa rangi ubavuni mwa kila behewa, kisha akazipeleka kwa simu katika ofisi iongozayo treni. Ni kazi ya heshima, na reli kubwa za dunia zilisimama juu yake. Walakini mwanadamu anayenakili namba arobaini usiku wa mvua kwa nuru ya taa ya mkono hukosea, na kosa lake la kawaida ni kuzigeuza tarakimu mbili zilizofuatana. Dawa ya kosa hilo ni ya hesabu tupu, nayo inatumika katika namba za tarakimu 12 zilizowekwa na Umoja wa Kimataifa wa Reli, UIC, ambapo tarakimu ya mwisho huwa ya kuhakikisha zile zilizotangulia. Huanzwa kulia, kila tarakimu ikazidishwa kwa 2 na kwa 1 kwa zamu, tarakimu za majibu zikajumlishwa, kisha kikatazamwa kiasi kinachopungua kuifikia kumi ifuatayo. Tukiifupisha namba ili hesabu ionekane, behewa 40217 lina jumla ya 18, na kwa hiyo tarakimu yake ya kuhakikisha ni 2. Karani akikosea akaandika 40271, jumla inakuwa 21, tarakimu ingepasa kuwa 9, na kosa linajulikana papo hapo kabla halijaingia katika orodha. Haya hayahitaji kifaa chochote ghairi ya rangi, brashi na mpango wa namba, nami nimeyatanguliza kwa makusudi, maana wengi wenye shauku ya mashine huyapita.

Marekani ndiko lilikofanyika jaribio kubwa la kwanza la kumwondolea karani mzigo huu, na historia yake ingestahili kusomwa na kila mtu atakayetia sahihi mkataba wa mfumo wa namna hii. Mhandisi David Collins, ambaye alipokuwa mwanafunzi alifanya kazi katika reli ya Pennsylvania na kuiona taabu ya kutafuta mabehewa, alibuni katika kampuni ya Sylvania mfumo ulioitwa KarTrak. Behewa lilibandikwa kila ubavu lebo yenye vibao 13 vya michirizi ya rangi, nyekundu, buluu, nyeupe na nyeusi, vilivyopangwa kutoka chini kwenda juu: kimoja cha kuanzia, kimoja cha aina ya chombo, vitatu vya mwenye mali, sita vya namba ya behewa, kimoja cha kumalizia na kimoja cha kuhakikisha. Kando ya reli palisimamishwa taa kali yenye jicho la mashine, na lebo, kwa kuwa ilitengenezwa kwa karatasi irudishayo mwanga kule ulikotoka, ilisomwa treni ikipita bila kusimama. Majaribio yalianza mwaka 1961 katika reli ya Boston and Maine, juu ya mabehewa ya kokoto, nayo yalifaulu. Mwaka 1967 Jumuiya ya Reli za Marekani ikaamuru kwamba mabehewa yote ya mizigo yawe na lebo hizo ifikapo 1970. Na kufikia katikati ya miaka ya 1970, yapata tisa katika kila kumi yalikuwa nazo. Baada ya miaka michache tu, mnamo 1977, mpango wote ukaachwa.

Si kweli kwamba ubunifu ulikuwa mbovu. Hesabu yake ilikuwa safi, na kutokana na fikra ile ile ya michirizi kukazaliwa baadaye mambo mengi tunayoyaona leo katika maduka na maghala. Kilichoushinda mfumo ni vumbi, masizi, grisi na mikwaruzo, hasa juu ya mabehewa bapa ambayo lebo zake zilikaa chini, karibu na magurudumu. Usomaji ukashuka hadi kiasi cha 80%. Na jambo linaloniuma kila nilifikiripo ni kwamba majaribio ya uwanjani yalikwisha kuonya: waliojaribu waliona kwamba lebo isiyokaguliwa na kusafishwa haitadumu, na kanuni ikawekwa kwamba ikaguliwe kila behewa liingiapo katika karakana, jambo ambalo kwa wastani lilitokea mara moja katika miaka miwili. Kanuni hiyo haikufuatwa inavyopasa. Nadhani sababu yaweza kuonekana katika mwendo wa mabehewa yenyewe: behewa la reli moja hutumia siku nyingi likizunguka katika reli za wengine, na kwa hiyo aliyepaswa kulipa gharama ya kusafisha si yeye aliyefaidika na kusoma. Fauka ya hayo, reli kadhaa zilikuwa katika dhiki ya fedha, na ile kubwa ya Penn Central ilikwisha kufilisika mwaka 1970; nani katika hali hiyo angemlipa mtu kufuta vumbi?

Hapa sina budi kuingiza hesabu nyingine, kwa kuwa wauzaji wa mifumo hupenda kutaja asilimia, na asilimia hulaghai sikio. Tuseme mashine husoma behewa moja sawasawa mara 98 katika 100, na treni ina mabehewa 40. Ikiwa makosa hayafungamani, treni itakayosomwa nzima bila kosa ni kiasi cha 45 tu katika 100. Zaidi ya nusu zitapita zikiwa na angalau behewa moja lisilojulikana. Kwa usomaji wa 99% hupatikana treni 67 safi, kwa 99.9% hupatikana 96. Kwa ile 80% ya KarTrak, treni safi isingepatikana hata moja katika 5,000. Mkuu wa yadi anayepewa orodha yenye kasoro kila siku hatasita kumrudisha karani na daftari lake, na akisha kufanya hivyo reli inalipa gharama mara mbili, ya mashine na ya karani, ikipata faida ya karani peke yake. Ndiyo maana nashikilia kwamba kipimo cha mkataba kiwe treni nzima, si behewa moja moja.

Waamerika walirudi uwanjani baada ya miaka kama kumi na tano, safari hii wakitumia mawimbi ya redio, elimu iliyotokana kwa sehemu na utafiti wa maabara ya Los Alamos. Kibandiko cha mfumo huu hakina betri. Hupokea mawimbi kutoka kwa mashine iliyo kando ya reli na kuyarudisha yakiwa yamebeba namba, wala hakijali kama kimefunikwa na masizi. Jumuiya ile ile ikakubali kanuni yake mwaka 1991, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 mabehewa zaidi ya milioni moja yalikuwa yamebandikwa. Tofauti na ule wa kwanza, mfumo huu ungali unafanya kazi. Una dosari zake: mashine yaweza kumsoma jirani aliyesimama katika njia ya pili, na kibandiko chaweza kufungwa na fundi mwenye haraka juu ya behewa lisilo lake, kikasema uongo kwa ufasaha miaka yote.

Uingereza ilifuata njia nyingine. British Rail ilinunua mfumo wa kompyuta uitwao TOPS, uliotengenezwa na reli ya Southern Pacific kwa kushirikiana na IBM, na kufikia 1975 ulikuwa umeenea katika nchi yote. Hakukuwa na jicho la mashine kando ya reli. Kila behewa lilikuwa na kadi yake ya matundu katika ofisi ya eneo, na behewa likihama kutoka njia moja kwenda nyingine, au likiungwa katika treni, karani aliihamisha kadi na kutuma habari kwa kompyuta kuu. Nidhamu ya taarifa ndiyo iliyoubeba mfumo ule.

Kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili si geni. UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, kilitengeneza mfumo wa ACIS wenye sehemu iitwayo RailTracker, ambao ulifungwa katika reli za Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia, nao ulitegemea, kama ule wa Waingereza, habari zilizotumwa na watu wa stesheni. Lakini reli zetu zina mambo yake ambayo mfumo ulioagizwa kutoka ng'ambo hautayajua usipofundishwa. Reli ya Kati ya Tanzania ina upana wa milimita 1,000, TAZARA, ile iendayo Zambia, 1,067, na reli mpya ya kisasa 1,435. Kwa hiyo huko Kidatu, ambapo reli mbili za kwanza hukutana, kontena huendelea na safari lakini behewa hubaki. Mfumo unaofuata behewa tu utampoteza mwenye mzigo mahali pale, na unaofuata kontena tu utampoteza mwenye behewa. Lazima namba mbili ziungwe, zifunguliwe, na kuungwa upya, na hapo pana mwanya mkubwa wa kosa. Kadhalika mabehewa yavukayo Ziwa Viktoria kwa meli kutoka Mwanza kwenda Port Bell hutoka katika mamlaka ya shirika moja na kuingia katika ya jingine, na swali la nani atakayetunza kibandiko ni lile lile lililowashinda Waamerika.

Tena kuna mvua. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata njia kati ya Kilosa na Gulwe kwa miezi, na katika hali ya namna ile mabehewa hugawanyika pande mbili, yaliyo upande wa bahari na yaliyo upande wa bara, wala moja haliwezi kulisaidia jingine. Siku njia inapokatika ndiyo siku orodha sahihi inapohitajika kuliko siku zote, ili ijulikane mara moja ni mabehewa mangapi ya mafuta yaliyobaki Dodoma, Tabora na Kigoma, na mangapi yako Dar es Salaam bila kazi.

Wapo wapendekezao vifaa vya setilaiti juu ya kila behewa. Ni vizuri kwa mzigo wa thamani, lakini behewa la mizigo halina umeme wake, betri hufa, na kifaa chenye kioo cha jua hutamaniwa na mikono mingi. Mimi ningechagua vibandiko vya redio visivyo na betri, viwili kwa kila behewa, na mashine chache za kusomea zilizowekwa mahali penye maana: lango la bandari, Morogoro, Dodoma, Tabora, gati la Mwanza, pamoja nazo kihesabio cha magurudumu, ili mashine ijue kwamba behewa limepita hata pale ambapo halikusomwa.

Na majaribio yafanywe hivi. Kundi moja la mabehewa, ya mafuta, ya saruji na bapa yakichanganywa, livishwe vibandiko na kuachwa lifanye kazi yake ya kila siku, lisioshwe wala kupendelewa, kwa muda usiopungua kiangazi kimoja na masika moja. Karani aendelee kunakili kwa mkono pasipo kuonyeshwa orodha ya mashine, na orodha mbili zilinganishwe kila jioni na mtu wa tatu asiye wa mwuzaji. Kila hitilafu iandikiwe aina yake: behewa lililopita bila kusomwa, lililosomwa ilhali halikuwamo, lililosomwa kwa mpangilio usio wake, maana kila aina ina tiba yake, na kuzichanganya katika asilimia moja ni kuificha habari. Umeme ukatwe kwa makusudi, na mtandao uzimwe siku nzima, ili ionekane kama habari zilizohifadhiwa zitafika kwa utaratibu umeme ukirudi. Na mkataba utaje, kwa cheo na kwa fungu la bajeti, mtu atakayekagua vibandiko kila behewa liingiapo karakana ya Morogoro au Tabora, awe mtumishi wa reli na si wa mwuzaji, na malipo ya mwisho yazuiliwe hadi fungu hilo litakapoonekana limetumika kwa mwaka mzima.