Siku Moja Katika Korongo Kuu la Arizona

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Katibu wetu aliniomba niwaeleze habari za likizo yangu ya Marekani, naye alitumaini, nadhani, kwamba nitasema juu ya majumba marefu. Mtaniwia radhi. Nataka kusema juu ya siku moja tu ya mwezi wa Juni, mwaka 2019, ambayo mimi na jamaa yangu twaliitumia katika lile Korongo Kuu ambalo wenyewe huliita Grand Canyon.

Mdogo wangu akaa Phoenix, mji wa jangwani, ambako wako watu wengi wasemao Kiswahili, hasa ndugu zetu waliotoka Kongo. Kutoka kwake hata korongoni ni mwendo wa saa tatu u nusu kwa motokaa. Njia, kwa jumla, yapanda. Mtu huiacha nchi ya dungusi na miiba, akaingia katika msitu wa misonobari wenye baridi. Nalikuwa nikitazama mbele nilione korongo kwa mbali, kama sisi tuonavyo mlima. Sikuliona. Nchi ni tambarare, miti imesimama, kisha ghafula ardhi imekwisha miguuni pako.

Urefu wake ni kilomita 446, na mahali pengine upana wake wafika kilomita 29. Kina chake chapita maili moja, hata Mto Colorado, ambao ndio uliolichimba, haukuonekana pale tuliposimama. Mawe ya ukingoni ni ya chokaa, nayo yalifanyika chini ya bahari yapata miaka milioni 270 iliyopita; yale meusi ya chini kabisa yana umri upatao miaka milioni 1,700. Rais Theodore Roosevelt alifika hapo mwaka 1903, na mwaka 1908 akaliweka korongo chini ya ulinzi wa serikali. Ndiye yule aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda. Sheria ya kulifanya hifadhi ya taifa ilitoka mwaka 1919, basi sisi twalifika katika mwaka wake wa mia.

Lakini hifadhi, kama tujuavyo hata kwetu, mara nyingi huwa na watu waliotangulia kuwamo. Katika njia tuliyoifuata, iitwayo Bright Angel, yako maili nne u nusu chini mahali penye kijito na miti ya kivuli. Wahavasupai walikuwa wakilima hapo. Wa mwisho wao aliondoshwa mwaka 1928. Mwaka 1975 kabila hilo lilirudishiwa sehemu kubwa ya nchi yake upande wa magharibi, na mwaka 2022 mahali pale palipewa jina lao. Mabwana wa idara ya ardhi watajua miaka hiyo ina maana gani katika majalada.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mdogo wangu alitaka tuanze kushuka alfajiri. Mimi nalitaka chai kwanza, kisha picha, hata tulipoanza ilikuwa saa mbili u nusu. Twalikuwa watano: mke wangu, binti yetu wa miaka kumi na minne, kijana wetu wa miaka tisa, mdogo wangu na mimi. Kulikuwa na mfuko wa karanga za chumvi. Naliona ni mzigo bure, nikauacha ndani ya motokaa. Maji twalichukua mengi.

Kushuka kulikuwa raha tupu. Njia ni pana, kivuli bado kipo, na watoto wanakimbia. Mara moja tu twalisimama, tukajibana ukutani kupisha msafara wa baghala waliobeba watu, kwani ndiyo desturi ya njia ile. Katika saa moja tukafika penye kibanda cha kwanza, maili moja u nusu. Mke wangu akatazama juu tulikotoka, akasema, “Baba Neema, hapa panatosha.” Mdogo wangu akasema, “Shemeji asema kweli, kaka.” Nami nikajibu kwamba mimi ni mtu wa Marangu, siwezi kufundishwa mteremko. Tukashuka mpaka kibanda cha pili, maili tatu.

Mabwana, mtu wa mlimani hupanda kwanza. Akichoka, hugeuka, na njia ya nyumbani humteremsha. Korongo ni kinyume: hukupa mteremko ungali na nguvu, likakudai mpando ukiwa huna. Tena kila ushukapo joto huongezeka. Wenyeji hushauri mtu asitembee jua kali, tangu saa nne asubuhi hata saa kumi jioni. Sisi twalianza kupanda saa tano.

Chini kidogo ya kibanda cha kwanza kijana alikaa chini. Alisema kichwa kinamwuma, kisha akatapika. Nalimpa maji, akatapika tena. Nikampa mengine. Naliogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani, na sikutaka mtu aone.

Akaja mama mmoja mzee, mmoja wa watu wa kujitolea ambao hifadhi huwaweka njiani kuwaangalia wasafiri. Hakuuliza mtoto amekunywa nini. Aliuliza amekula nini. Hakuwa amekula kitu tangu chai. Alituamuru tusimpe maji tena. Akaeleza kwamba jasho hutoa chumvi mwilini, na maji matupu yakizidi huipunguza nguvu ile iliyobaki, hata mtu aweza kufa akiwa na chupa mkononi. Alitoa biskuti za chumvi, akamlisha kidogo kidogo, akalowesha shati lake na kofia, akatuketisha chini ya jabali. Hatukuondoka hapo mpaka saa kumi. Hakunikemea hata kwa neno moja.

Twalifika juu saa kumi na mbili u nusu, jua lingali likiwaka juu ya miamba, nayo ilikuwa myekundu isivyosemeka. Kijana alikwenda kwa miguu yake, akaingia ndani ya motokaa, akazila karanga zote.

Mke wangu hakusema neno njia nzima. Yumo ukumbini jioni hii, safu ya pili. Nalimsomea maneno haya kabla ya kuja, naye alisahihisha mahali pamoja tu: mimi nalikuwa nimeandika kwamba tulianza kushuka saa moja.