Mkokoteni, Kidonge na Mitokondria



Mtazameni msukuma mkokoteni anapotoka soko la Marikiti, hapa Mombasa, na magunia ya viazi akielekea Mji wa Kale. Anajikaza mpaka mishipa ya shingo inamtoka, anapiga kelele apishwe njia. Penye msongamano anasimama, anahema, anajifuta jasho, kisha anajikaza tena. Kocha hana, lakini mwendo huo wa kukaza na kupumzika ndio watu wanaoulipia pesa siku hizi kwa jina la mazoezi ya vipindi.

Kwa kujikaza huko, msuli hutumia molekuli iitwayo ATP, na akiba yake ni ya sekunde chache. Kreatini fosfeti huongezea sekunde kama 10, halafu glukosi huvunjwa upesi bila oksijeni. Kazi ya kudumu ni ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyotumia oksijeni kuchoma sukari na mafuta. Idadi yake haikuandikwa mara moja ikabaki hivyo: mwaka 1967, huko Marekani, John Holloszy alionyesha kuwa panya waliokimbizwa wiki nyingi walizidisha vimeng'enya vya mitokondria karibu maradufu.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kiliwapandisha vijana baiskeli kwa mwendo kama wa mkokoteni: sekunde 30 kwa nguvu zote, mapumziko dakika 4, kurudia mara 4 hadi 7. Vikao vilikuwa 6 tu, katika wiki 2. Muda wa kuendesha hadi kuishiwa nguvu ulipanda kutoka wastani wa dakika 26 hadi 51!

Siri iko kwenye dhiki. ATP inapopungua na kemikali kali za oksijeni zinapozuka, seli hupata amri ya kujenga mitokondria zaidi. Hapo ndipo ninapogombana na wauza vidonge, maana vitamini C na E kwa dozi kubwa huzizima kemikali hizo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watafiti wa Oslo waliwafanyisha watu 54 mazoezi kwa wiki 11. Wasiopewa vitamini, protini ya mitokondria iliyopimwa iliongezeka, waliomeza, haikuongezeka. Haki isemwe: uwezo wa kutumia oksijeni ulipanda kwa makundi yote mawili. Basi sisemi ni sumu. Nasema miligramu 1,000 za vitamini C kwa siku, ambazo ni kama machungwa 15, ni pesa za kununua hasara ndogo. Embe na ndimu zenu kuleni bila wasiwasi.

Kreatini ya kumeza inasaidia kweli, lakini kwa mbio fupi na kunyanyua vyuma. Kahawa chungu nayo si porojo za barazani: kafeini huizuia adenosini isifikishe habari ya uchovu kwenye ubongo, ila vile vikombe vidogo itabidi uvirudie.

Halafu kuna joto letu. Machi 24, 2007, mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa kisiwani, kwenye uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele, bingwa asiyezoea kushindwa, aliachia njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Kwenye joto na unyevu kama ule, damu hugawanywa kati ya msuli na ngozi inayotaka kupoa, na mitokondria hubaki ikingoja oksijeni. Kwa hiyo vijana wanaoniuliza wameze nini kabla ya kukimbia barabara ya Mama Ngina saa nane mchana, jibu langu ni kwamba wakimbie baada ya Alfajiri.