Jiwe lililotoka kwetu

Maneno yaliyosemwa mu mkutano mkuu wa wanachama, Likasi

Komite imetuomba sisi watatu tuliorudi kutoka Japani tuwaeleze mambo tuliyosoma kule. Diplome zetu mmekwisha kuziona. Leo tutasimulia siku mbili ambazo hakuna mwalimu aliyetupa pointi juu yake, na kisha tutawaomba kitu kimoja.

Ilikuwa mwezi wa nane, wakati wa likizo. Tulipanda treni kwenda Hiroshima. Kwetu sisi Hiroshima lilikuwa jina la kitabu cha historia tu: tarehe 6 Agosti 1945, unaandika kwenye mtihani, unapita. Tulitazamia kukuta magofu. Tulikuta tramu, mito, maduka, watoto wanatoka kuogelea. Mmoja wetu akasema, "Mbona iko muji tu kama miji ingine?"

Gofu lipo, katikati. Ni jumba la maonyesho lililochorwa na Jan Letzel, mtu wa Cheki, likamalizika 1915. Wameliacha vile bomu lilivyoliacha, kuba lake limebaki mifupa ya chuma. Bomu lilipasuka karibu nalo, hewani, kama mita 600 juu, saa mbili na dakika kumi na tano asubuhi. Mji ulikuwa na watu karibu 350,000. Kufikia mwisho wa mwaka ule, karibu 140,000 walikuwa wamekufa.

Tuseme ukweli: namba hiyo haikutuliza. Sisi watu wa Congo tumezoea kuhesabiwa kwa namba kubwa zisizo na majina. Kilichotuliza kilikuwa ndani ya makumbusho: baiskeli ya mtoto, ya magurudumu matatu, imeungua. Mwenyewe aliitwa Shinichi Tetsutani, alikuwa hajafika miaka minne, na alikuwa akicheza nayo asubuhi ile. Baba yake aliizika pamoja naye uani pa nyumba, sababu hakutaka mtoto mdogo hivyo alale mbali, peke yake. Mwaka 1985 akaifukua, akaipeleka makumbusho. Mmoja wetu alikuwa ameacha mtoto wa umri ule hapa Likasi. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, hatukumfuata.

Hapo nje mzee mmoja anayetembeza wageni alituuliza tumetoka nchi gani. Tukasema Congo. Sehemu gani? Katanga. Akanyamaza kidogo, kisha akatamka neno moja ambalo hatukutazamia kulisikia katika kinywa cha mtu wa kule: "Shinkolobwe."

Ninyi mnapajua. Ni kama kilomita 20 kutoka ukumbi huu. Mwaka 1940, mkubwa wa mgodi, Edgar Sengier, alituma zaidi ya tani 1,000 za jiwe lile mpaka New York, zikawekwa ghalani. Septemba 1942 jeshi la Marekani lilizinunua. Kisha mgodi, uliokuwa umefungwa na kujaa maji, ukafunguliwa tena. Mahali pengine jiwe la namna hiyo lilikuwa na urani kidogo sana, hata moja kwa mia haifiki. La kwetu liliweza kufika 65 kwa mia. Sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ya siri ya Wamarekani ilitoka humo. Mwaka 1946 Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani. Waliochimba, sisi hatujaona popote jina lao limeandikwa.

Babu ya mmoja wetu alikuwa kati yao. Tulipokuwa wadogo alikuwa akisema, "Majiwe tulibebaka mu mikono, tunachagua, tunatia mu mifuko. Hatukuambiwaka inaenda wapi." Tulicheka, tukidhani ni hadithi za wazee. Njo kule Hiroshima tulielewa.

Siku ya pili tulienda kumsikiliza bibi mmoja aliyepona bomu akiwa msichana. Alipomaliza, mwenzetu alisimama. Kwa Kijapani chake cha kuvunjika-vunjika akasema babu yake alilichimba jiwe lile, na kwamba anaomba msamaha. Ukumbi wote ulinyamaza. Sisi wawili tulitazama chini.

Bibi akamuuliza, "Babu yako alijua?"

"Hapana."

"Alikufa na ugonjwa gani?"

"Hatujui. Hakuna aliyeuliza."

Bibi akasema basi si mtu wa kuomba msamaha, ni mtu wa kuhesabiwa. Akamuuliza jina la babu, akaliandika polepole katika daftari yake, herufi kwa herufi, akamwonyesha kama amelipatia sawa.

Wapendwa, hatutaki mfikiri kule kila kitu ni safi. Hiroshima ulikuwa mji wa jeshi. Kutoka bandari yake ya Ujina askari walipanda meli kwenda kupiga vita China, na vita hivyo viliua raia wengi. Wakorea wengi nao waliunguzwa siku ile, sababu Korea ilikuwa koloni la Japani na wengi walikuwa wameletwa kufanya kazi. Mnara wao ulijengwa 1970, lakini nje ya bustani ya ukumbusho. Uliingizwa ndani 1999 tu. Hata kati ya wafu, kuna waliongojeshwa mlangoni.

Lakini jambo moja tulilileta nyumbani. Wale waliopona, wanaoitwa hibakusha, miaka ya kwanza walificha habari zao, sababu watu waliogopa kuwaoa na kuwapa kazi. Mwaka 1956 walianzisha chama chao, Nihon Hidankyo. Kilikuwa chama cha kusaidiana kama hiki chetu. Waliandikana, wakahesabiana, kila mmoja akasimulia. Mwaka 1957 ikatoka sheria ya kuwatibu. Mwaka 2024 chama hicho kilipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Yote ilianza na majina mu daftari.

Njo ombi letu. Tunataka kuandika daftari ya watu wa Shinkolobwe: jina, kijiji, kazi aliyofanya, miaka, na nani anayemkumbuka. Wengi wao hawako tena. Watoto wao wako, nao wanazeeka. Tukingoja miaka kumi, tutabaki na makaburi tu. Si kesi, na hatuahidi mtu yeyote franga. Kwa wafadhili tunaomba nauli, karatasi, na kifaa cha kunasa sauti. Jengo hatuombi.

Kuna mwanachama aliyetuambia mambo ya zamani hayaleti bukari. Ni kweli, hayaleti. Lakini mgodi ulifungwa na serikali mwanzo wa 2004, na mwezi wa saba mwaka ule ule shimo likabomoka, likaua wachimbaji waliokuwa wameingia. Kijana asiyejua jiwe lile lilifanya nini, na lina nini ndani, ataingia tu. Kwake yeye hii si habari ya zamani.

Daftari iko pale mezani, karibu na mlango. Mstari wa kwanza umekwisha kujaa. Ni jina la babu yetu, na tumeliandika kwa herufi kubwa ili bibi wa Hiroshima asiwe mtu peke yake aliyeliandika. Mukitoka, pitieni pale. Kama munajua jina, tuambieni.